Kipima ulevi kije na usiku

Jumamosi moja, saa tano usiku, nilipanda bodaboda pale Mkolani, hapa Mwanza, kwenda Buhongwa. Kijana mwenye heshima kabisa. "Shikamoo mama, karibu." Kabla sijaitikia, harufu ya pombe ikanifikia. Nikashuka, nikampa nauli yake, nikamsihi akalale. Hakwenda kulala. Muda si mrefu nikamwona anampakia dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, na usiku ule usingizi sikuupata.

Kwa hiyo habari za kurekebisha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 zinanigusa sana. Sheria hiyo inavumilia hadi miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 50, na kwa dereva kijana au anayeanza kuendesha, 20. Kiwango chetu kishushwe, tena haraka. Viroba vya pombe kali tulidhani haviondoki, mwaka 2017 vikapigwa marufuku.

Ila kwa yule kijana wa Mkolani, 80 au 50 ni mamoja kama hakuna wa kumpima. Stendi ya Nyegezi nimeshuhudia alfajiri madereva wa mabasi wakipuliza kipima ulevi kabla ya safari, nikapanda basi moyo umetulia. Nawashukuru trafiki kwa hilo. Lakini watu wanakunywa jioni, Kirumba, Igoma, kote, wanarudi saa sita na saa saba, na saa hizo mimi sijawahi kukiona hicho kipima ulevi. Wengine hujidanganya kwa kahawa au maji baridi. Bia moja ya nusu lita ini huihangaikia saa mbili au zaidi, na kahawa haiharakishi kitu.

Halafu tuna daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Enzi za kivuko, hata mlevi alilazimika kuzima gari na kusubiri zamu yake. Sasa anavuka kilomita tatu juu ya ziwa bila kupumzika.

Ombi langu kwa wanaoandika marekebisho: upimaji wa usiku uwe wa lazima, utengewe vifaa na askari, Buhongwa, Usagara, Kisesa, hasa mwisho wa wiki. Na bodaboda naye asimamishwe, apulize kama dereva wa basi.