Bibi wa "nje" ndo aliyewalea

Stori za wanawake wa Kivietnam waliohamia Marekani huwa zinasimuliwa hivi: bibi kafungwa na mila, mama kajichosha saluni ya kucha, mjukuu ndo kapata uhuru. Mi naona huyo bibi anaonewa.

Anza na majina tu. Mwanamke wa Kivietnam akiolewa habadili jina la ukoo, anabaki na lake mpaka anazikwa, kwa hiyo nyumba moja pale Westminster, California, mji wenye Wavietnam wengi, unaweza kukuta bibi, mama na binti kila mmoja na ukoo wake. Sasa mjukuu aliyezaliwa huko huko anaolewa, anachukua jina la mume kama majirani zake wa Kimarekani, halafu tunaambiwa huyu ndo kajikomboa. Kajikomboa na nini jamani? Nimeligeuza hili kila upande na bado haliniingii.

Sawa, wanaolalamikia mila wana hoja, tusijifanye. Mafundisho ya Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, yalifika mpaka Vietnam na yalimtaka mwanamke amtii baba, akiolewa amtii mume, mume akifa amtii mwanae wa kiume. Hata lugha inambana: binti akiongea na wakubwa nyumbani hana "mimi" ya kawaida, kwa mama yake anajiita con, yaani mtoto, kwa kaka ni em, mdogo, hata awe daktari wa miaka 40. Kwenye Kiingereza "mimi" ni ile ile kwa kila mtu, anapumua. Namuelewa kabisa.

Na bibi mzaa mama anaitwa bà ngoại, hilo ngoại maana yake nje, wa "ndani" ni mzaa baba. Kali hiyo. Ila angalia kilichotokea: Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka mikononi mwa Kaskazini Aprili 1975, watu wakakimbilia Marekani, na mwaka huo huo mwigizaji Tippi Hedren akamleta fundi wake wa kucha kambini karibu na Sacramento awafundishe wanawake 20 wakimbizi, kazi ikasambaa Marekani nzima. Mama akishinda saluni mpaka usiku, mtoto anabaki na nani? Mara nyingi na huyo huyo wa nje. Familia za kusini mwa Vietnam watoto wanamwita Ngoại tu, neno la kumtenga limekuwa la kudeka, "Ngoại ơi", bibi weee, huku mtoto kashika sufuria.

Naye bibi hamuulizi mjukuu hali. Anamuuliza "con ăn cơm chưa", mwanangu ushakula wali? Mjukuu anaweza asijue Kivietnam kingine chochote, hilo analielewa.