Altrasaundi ya bega: inapoona vizuri na inapodanganya

Bega likiuma kwa miezi na mkono ukashindwa kupanda, wengi huharakishwa kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Kwa kano zinazolizunguka bega, haraka hiyo mara nyingi haina sababu. Kano ikiwa imechanika kabisa, altrasaundi huigundua kwa usahihi unaokaribiana na wa MRI, tena mgonjwa akiwa ameketi. Zaidi ya hapo, anaweza kuinua mkono huku mpimaji akitazama kano inavyopita, au inavyokwama, chini ya akromioni, mfupa ulio kileleni mwa bega. MRI ya kawaida haionyeshi hilo.

Ila usahihi huo umo mkononi mwa anayepima. Chukua kano ya supraspinatasi, ile ya juu ya bega, inayoumia kuliko zote. Nyuzi zake hung'aa kwenye skrini pale tu mawimbi ya sauti yanapozipiga wima. Kichwa cha mashine kikiinama kidogo, kano hugeuka nyeusi, hasa pale inapopinda kwenda kujishikiza mfupani, na weusi huo hufanana mno na mchaniko. Dawa yake ni kukiinamisha kichwa taratibu huku na huku: weusi ukitoweka, kano ni nzima, ukibaki, utazamwe kwa urefu na kwa upana kabla ya kuandika ripoti. Mgonjwa naye aweke kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiko kikielekea nyuma. Asipofanya hivyo, sehemu kubwa ya kano hujificha chini ya akromioni.

Mchaniko usiopenya kano yote hupita bila kuonekana mara nyingi zaidi. Gegedu la ndani ya kiungo na uboho wa mfupa havionekani vya kutosha kwa altrasaundi, kwa hiyo bega linaloteguka mara kwa mara lipelekwe MRI bila kusitasita. Tena, watu wengi waliovuka miaka 60 wana kano zilizochanika na hawaumwi. Kupasua bega kwa sababu ya picha peke yake ni kosa.

Kwenye tiba, mabishano ni makali zaidi. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, chini ya akromioni, kwa kawaida miligramu 40 pamoja na mililita chache za ganzi, inaweza kuchomwa kwa kupapasa mifupa au kwa kuiona ncha kwenye skrini. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba kuongozwa na altrasaundi hakumpi mgonjwa nafuu ya maana zaidi. Hapo sioni haja ya kumlipisha picha. Lakini dawa ikitakiwa kuingia ndani ya kiungo chenyewe, au sindano nene ikitakiwa kulipata donge la kalsiamu ndani ya kano ili lioshwe kwa maji ya chumvi, kupapasa ni kubahatisha. Njia yoyote itumikayo, steroidi isimiminwe ndani ya kano, na mwenye kisukari aambiwe mapema kwamba sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Mashine ya altrasaundi ya kutibu, ile inayosuguliwa begani na jeli, ni kifaa kingine kabisa. Utafiti mmoja wa 1999 uliwapa wenye kalsiamu vipindi 24 vya dakika 15. Walipata nafuu kuliko wenzao vipindi vilipokwisha, lakini baada ya miezi 9 tofauti ya maumivu ilikuwa imefutika. Kwa maumivu ya kano yasiyo na kalsiamu ushahidi ni hafifu zaidi, na dakika hizo heri zitumike kwenye mazoezi ya kuimarisha misuli ya bega.