Mgonjwa Ndiye wa Mwisho Kujua

"Asiambiwe." Mjomba alisema neno hilo nje ya wodi, hata daktari hajamaliza kueleza. Mama mdogo alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, imeshaingia kwenye kibofu. Tulisimama pale watu watano: wajomba zangu wawili, mumewe, binti yake mkubwa na mie. Sote tukajua. Yeye, aliyelala hatua chache tu ndani ya mlango, akaambiwa ana uvimbe na atapelekwa Dar es Salaam ukakaushwe.

Hapa kwetu Pemba, na Unguja pia, mgonjwa asiyetarajiwa kupona huzusha maswali mengi. Asafirishwe au arudishwe nyumbani? Mashine ya kupumulia izimwe au iachwe? Kumuua mtu kwa huruma, jambo ambalo Uholanzi ililiwekea sheria mwaka 2002, halimo katika mjadala wetu. Dini imelikataza na hakuna nyumba ninayoijua inayoliuliza. Lakini hayo mengine tunayaamua kila siku, na karibu mara zote tunayaamua mwenyewe hayupo.

Wanaoficha wana hoja, na nimeisikia kwa watu wenye mapenzi ya kweli. Wanasema mtu akitiwa hofu hata uji haumshuki. Daktari si Mungu, na kila mtaa una mtu aliyepewa miezi mitatu akaishi miaka. Ipo pia hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba mkiingia kwa mgonjwa mpeni matumaini ya kuishi. Wanachuoni wameidhoofisha isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini maana yake imo katika adabu zetu za kumtazama mgonjwa: huingii chumbani na habari mbaya. Na wapo wagonjwa wasiotaka kujua kabisa. Nilimsikia mzee mmoja akimwambia daktari, "Zungumza na mwanangu, mie nishughulikie dua yangu." Huyo kaamua, na uamuzi wake uheshimiwe. Mama mdogo hakuulizwa hata hilo.

Upande wa pili nauona mzito zaidi, na sheria yetu wenyewe ndiyo inayoupa uzito. Katika hadithi ya Ibn Umar, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Muislamu mwenye kitu cha kuusia haifai alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Thuluthi ya mali ni haki yake kuiusia, deni lazima alitaje, aliyemkosea amuombe radhi. Atayafanya lini hayo mtu anayeamini wiki ijayo atarudi kwake?

Kuhusu tiba pia, tunajibebesha wajibu ambao wanachuoni hawakutubebesha. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata visiwani, kujitibu ni sunna. Mwenye kuacha hapati dhambi, ingawa wapo wanaosema huwa wajibu pale dawa inapokuwa na uhakika wa kuponya. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho walitaka kumtia dawa kinywani. Akawaashiria wasimtie. Wakasema hii ni chuki tu ya mgonjwa kwa dawa, wakamtia. Alipopata nafuu aliwauliza: si niliwakataza? Kila nikiisoma hadithi hii nakumbuka vitanda vingi nilivyosimama pembeni yake, sote tukisema "usimsikilize, ndiyo ugonjwa huo".

Mashine ndiyo inayowatisha watu zaidi, ingawa wanaoifikia ni wachache. Wengi hudhani kuizima ni kuua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilijuzisha kuondoa vifaa ikiwa ubongo wote umesita kufanya kazi na madaktari mabingwa wamethibitisha kuwa hautarudi, hata kama moyo unapiga kwa nguvu ya mashine. Baraza jingine la fiqhi, la Makka, mwaka 1987 likaruhusu kuviondoa lakini halikukubali kumhesabu mtu huyo maiti mpaka pumzi na moyo visite. Tofauti hiyo si ndogo, kwani eda na mirathi huanzia hapo. Lakini kwenye kuzima, hawakupingana. Haya yangesemwa darsani baina ya magharibi na isha, kijana asingebaki na majuto kwamba kamuua baba yake.

Maumivu nayo. Utasikia kwamba yanafuta dhambi, na ni kweli, hadithi sahihi inataja hata mwiba unaomchoma mtu. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba mwiba usitolewe. Uganda, jirani zetu, tangu mwaka 1993 wagonjwa wa saratani wamekuwa wakipewa morfini ya maji, wakiinywa majumbani mwao. Wanaoogopa kuwa mgonjwa atazoea dawa wangekaa usiku mmoja na mwenye saratani ya mifupa.

Narudi kwa mama mdogo. Gharama za safari zilitoka kwenye mikarafuu yake ya Mtambwe, urithi wa baba yake. Aliridhia kuiuza. Alikuwa anajua anaiuza ili apone, na sisi tuliokuwa tukihesabu fedha tulijua daktari amesema mionzi itapunguza damu na maumivu tu. Huenda angekubali hata angelijua. Huenda pia angesema mikarafuu abaki nayo binti yake, yeye arudishwe Wete akalale mlangoni kwake. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza, na kwa hilo simlaumu mjomba peke yake.

Ndani ya boti alilala kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Akanishika mkono, akauliza, "Mwanangu, mnanificha nini?" Nikamwambia hapana kitu, mama, pumzika.

Alifariki mwezi wa pili baada ya safari ile. Maiti iliposaliwa, mjomba alisimama mbele ya safu akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, sisi jamaa zake tutalipa. Hakujitokeza mtu. Siku ya tatu, watu walipopungua, wakaja wanawake saba, wakakaa jamvini kimya, mpaka mmoja akamnong'oneza binti wa marehemu. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akiweka fedha za upatu wao, na zamu ya mwezi ule ilikuwa haijatolewa. Tulifungua masanduku, tukakunjua kanga moja moja. Alipoziweka alipajua yeye tu.