Mmenunua fleti Arusha, bima ya jengo anakata nani?

Naishi Toronto, lakini macho yangu yako Arusha, ambako ndugu na marafiki wameanza kununua fleti. Zamani mtu mwenye nyumba alikuwa na kiwanja chake, ukuta wake na geti lake. Kwa sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, unapewa hati ya fleti ya ghorofa ya tatu, huku ngazi na paa vikiwa vyenu nyote. Sasa paa likiungua, analipa nani?

Huku Ontario, jimbo lilipo Toronto, sheria ya 1998 ya kondo (majengo ya fleti zenye wamiliki tofauti) inaulazimisha umoja wa wamiliki kulikatia bima jengo zima, fleti zikiwemo. Vyombo vyako na maboresho uliyofanya havimo, unajikatia mwenyewe. Kwenye jengo letu bomba la mashine ya kufulia ya jirani wa juu lilipasuka, dari ya mama wa chini ikavimba na sakafu ya mbao aliyoweka badala ya zulia ikapindapinda. Dari ilikuwa jukumu la umoja. Sakafu ililipwa na bima yake binafsi. Na kwa kanuni zetu, jirani huyo wa juu alibebeshwa sehemu ya gharama ambayo bima ya jengo hailipi. Ni mfumo wa gharama, tena mkavu: wale wawili hawakuwahi hata kusalimiana.

Nyumbani simtanki likipasuka, watu wanapanda na ndoo na matambara kabla hujaita. Hilo nalikosa sana huku. Ila majirani hao hao hawawezi kuchangishana wakajenga ghorofa upya.

Dada yangu ana fleti Njiro, hapo Arusha. Umoja wao unakusanya hela ya mlinzi, taka na umeme wa pampu. Nilipouliza bima, akasema, "Benki ilishakata, kaka." Bima ile inalinda kwanza mkopo alionunulia fleti. Mkopo ukiisha, asipoihuisha mwenyewe imekwisha, na ngazi za pamoja hazimo. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 tulilia, tukachanga, tukabishana kuhusu ubora wa ujenzi. Suala la fidia ya mali sikulisikia likijadiliwa vya kutosha.

Kwa hiyo kwenye kikao cha umoja, ombeni nakala ya bima muisome. Inagusa maji, au moto tu? Ada imelipwa? Tanzania bima haianzi kabla ya ada kulipwa. Halafu angalieni thamani iliyoandikwa, maana hapo ndipo wengi wanaumia: iwe gharama ya kujenga upya kwa bei za leo za saruji na nondo. Mkikatia nusu ya thamani, hata hasara ndogo ya jiko moja kuungua mnaweza kulipwa nusu yake tu, na nusu nyingine mkaitafuta mifukoni mwenu.