Siku 90 za Aksum

Aliyekaa ofisini Nairobi au London atajuaje kilichotokea Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia lililokumbwa na vita? Swali hilo liliulizwa sana baada ya Novemba 2020, simu na intaneti zilipokatwa na waandishi kuzuiwa kuingia. Si swali la kupuuzwa. Serikali ya Ethiopia ilisema inasimamia sheria, na ni kweli picha za vita vingine zilizagaa mitandaoni zikiitwa za Tigray. Ila wengi wanaouliza hawajaona kazi yenyewe ya kuchunguza tukio kwa mbali inavyofanyika.

Chukua video ya Mahbere Dego, eneo la Tigray: watu wenye sare za jeshi wanawapiga risasi wanaume wasio na silaha ukingoni mwa genge. Mwaka 2021, wachunguzi wa Africa Eye, kitengo cha habari za uchunguzi cha BBC, walitazama milima iliyo nyuma yao. Safu ya vilele ililinganishwa na picha za setilaiti, bonde kwa bonde, hadi eneo likapatikana. Sauti inaweza kubandikwa juu ya video yoyote. Mlima haubandikiki kirahisi hivyo.

Setilaiti nayo ina mipaka. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure, lakini nukta moja ni mita 10 kwa 10: mtaa ulioungua utauona, kaburi hutaliona. Kaburi linataka picha za kulipia, za sentimita 30 hadi 50, na siku isiyo na mawingu.

Halafu kuna mashahidi. Kila mmoja huhojiwa peke yake, bila kutajiwa alichosema mwenzake: mtaa gani, saa ngapi, sare ipi. Kuhusu mauaji yaliyofanywa na wanajeshi wa Eritrea huko Aksum, mji wa Tigray, Novemba 28 na 29, 2020, shirika la haki za binadamu la Amnesty International liliwahoji watu 41 na kukusanya majina zaidi ya 240 ya waliouawa.

Ripoti ikatoka Februari 26, 2021. Hesabu tangu Novemba 28: siku 90. Ndani ya siku hizo miili ilishazikwa, damu imeoshwa, na Addis Ababa bado inakana kwamba Waeritrea wamevuka mpaka. Waziri Mkuu Abiy Ahmed alikiri Machi. Ucheleweshaji huo watu huutwika uandishi wa mbali, wakati aliyeuzaa ni aliyefunga barabara. Tume ya Haki za Binadamu ya Ethiopia ilithibitisha vifo zaidi ya 100. Amnesty inasema mamia. Pengo hilo picha za angani haziwezi kuliziba, kwa kuwa udongo uliofukuliwa kando ya kanisa hauonyeshi ni wangapi walio chini yake.