Tuzo ya 1969: Jerry West aliistahili, au alistahili Russell?

Mei 5, 1969, maelfu ya maputo yalikuwa yamefungiwa darini katika ukumbi wa Forum, Inglewood, karibu na Los Angeles, yakisubiri timu ya Lakers itawazwe bingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Hayakuachiwa. Boston Celtics walishinda mechi ya 7, ya mwisho katika fainali hiyo ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne, kwa 108-106. Lakini tuzo ya mchezaji bora wa fainali, iliyotolewa mwaka huo kwa mara ya kwanza, ikaenda kwa Jerry West wa Lakers. Hadi leo hakuna mwingine aliyeipata akiwa upande uliofungwa.

Wanaompinga wana hoja nzito, nayo inaitwa Bill Russell. Alikuwa na miaka 35, mchezaji na kocha kwa wakati mmoja wa Celtics, timu iliyomaliza msimu ya nne kanda ya Mashariki. Pointi zake hazikufika 10 kwa mechi. Kazi yake ilikuwa kumkaba Wilt Chamberlain wa Lakers, na Chamberlain, aliyefunga wastani wa pointi 20.5 msimu ule, katika fainali hakufika hata 12. Mitupo iliyozuiwa NBA ilianza kuihesabu msimu wa 1973-74, kwa hiyo sehemu kubwa ya jasho la Russell haikuandikwa popote. Kuanzia 2009 tuzo hiyo imepewa jina lake, na yeye hakuwahi kuipokea.

Hoja hiyo naiheshimu, tena sana. Hata hivyo, nikirudi kwa West nakwama. Pointi 53 mechi ya kwanza, 41 ya pili. Mechi ya 5 akaumia msuli wa paja. Mechi ya 7, mguu ukiwa bado mbovu, akafunga 42, akachukua ribaundi 13 (mipira iliyokosa kuingia) na kutoa asisti 12 (pasi za kufunga). Angefanya nini zaidi? Mechi ya 4 Celtics waliipata 89-88 kwa mtupo wa Sam Jones muda ukiisha. Mechi ya 7 mtupo wa Don Nelson uligonga pete, ukaruka juu, ukatumbukia. Chamberlain alitoka na maumivu ya goti. Alipotaka kurudi, kocha wa Lakers, Butch van Breda Kolff, akakataa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotoka mikononi mwa West.

Katika fainali ya mwaka 2015 LeBron James wa Cleveland alikuwa na wastani wa pointi 35.8, akafungwa na Golden State, na tuzo ikaenda kwa Andre Iguodala wa Golden State kwa kura 7 dhidi ya 4. Wapiga kura walimtuza aliyemkaba mfungaji. Je, 1969 wangefanya hivyo kwa Russell? Sidhani ni sawa. LeBron alifunga mitupo isiyofika asilimia 40, hivyo kazi ya Iguodala ilionekana. Russell alimzuia Chamberlain. West, aliyemaliza na wastani wa pointi 37.9, hakuzuiwa na yeyote.