Neno Moja, Kesi Kumi

Binti yangu wa darasa la tano ameshagundua kwamba baba yake ana Kiingereza cha kuombea maji.

Jana usiku nimevua viatu, mguu mmoja bado una soksi, akaja na daftari. “Baba, fast ni nini?” Nikajibu kifua mbele: haraka! Akaandika. Kidogo karudi: “Kwa hiyo stand fast ni simama haraka?” Tukafungua kamusi. Loo! Eti ni simama imara, usitikisike. Yaani mwenda mbio na asiyebanduka wamepewa jina moja! Mstari wa chini, fast tena ni kushinda bila kula.

Nikajua hayo ni maneno matatu yamefanana sura tu. Wapi! Baba yao mmoja. Hapo kale fast ilikuwa “imara”, basi. Anayekimbia kwa nguvu bila kulegeza akaitwa hivyo. Anayejizuia asile, naye kakaza.

Afadhali date. Ile ya tende imetoka kwenye neno la Kigiriki la kidole. Ya kalenda ni Kilatini, “iliyotolewa”, maana Warumi kwenye barua waliandika imetolewa wapi na lini. Hawa hata undugu hawana, wamekutana njiani wakavaa shati moja.

Lililoniuma ni nice. Mzizi wake ni Kilatini, “asiyejua kitu”, na Waingereza walipolipokea, miaka ya 1300, walimwita hivyo mpumbavu. Sasa bosi wangu kila nikimpelekea ripoti hutabasamu, “Nice, nice.” Miaka yote nashukuru! Kesho nitamwangalia usoni vizuri.

Set sitaki hata kuigusa. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ililipa neno hilo maana 430. Herufi tatu! Mimi nina majina matatu kamili na humu ndani sionekani kuwa na maana hata moja.

Nikaanza kuwalaani Waingereza kwa sauti. Mtoto akanisikiliza, akatafuna kalamu. “Baba, mbona sisi tunafunga mlango, tunafunga bao, tunafunga ndoa, na tusipokula mchana kutwa, tunafunga?”

Nikamwambia afunge mdomo, akalale.

Akainama daftarini, akaandika: la tano.